Nyumba imebadilishwa vyumba, haiendani na ramani. Benki itatoa mkopo?

mnunuzi_mbezi:
Wakuu habari zenu. Nataka kununua nyumba Mbezi Beach kwa mkopo wa nyumba wa benki, hati haina shida ila mthamini alivyofika na ramani iliyopitishwa manispaa akakuta vitu tofauti. Ukuta kati ya sebule na jiko umetolewa, na gereji imegeuzwa vyumba viwili vya kupangisha. Muuzaji anasema hayo madogo, nitoe advansi mengine tutamalizana. Mkopo ndo basi au?

bi_mthamini:
Mkopo unawezekana mkuu, ila advansi usitoe kwanza. Hiyo nyumba ndo rehani yenyewe, ukishindwa kulipa benki wanaiuza, kwa hiyo mthamini lazima aandike kilichopo saiti na kilichopo kwenye kibali. Mara nyingi kisicho na kibali hakihesabiwi kwenye thamani, na bei ya muuzaji lazima imejumlisha hivyo vyumba vya gereji, sasa hapo katikati utajaza wewe kutoka mfukoni. Muuzaji ndo mwenye hati, yeye apeleke ramani ya nyumba ilivyo sasa manispaa Kinondoni ipitishwe.

fundi_nguzo:
Mi naogopa huo ukuta zaidi kuliko makaratasi. Panda darini uangalie kenchi (mbao zinazobeba paa) zilikuwa zimeegemea wapi na kama lenta (boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha) imekatwa. Halafu cheki kona za madirisha, ufa ukipanda kimshazari kuelekea kwenye lenta jua mzigo umehamia pasipotakiwa, wengine wanapiga skimu (plasta laini ya juu) na rangi mpya juu yake ila ukigonga unasikia ndani wazi. Leta injinia aliyesajiliwa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) aandike ripoti, manispaa na benki wote wataitaka. Gereji nayo pima mpaka kwa jirani, wakiwa wamesogeza tofali kwenye mpaka unaweza ukaambiwa ubomoe.

mnunuzi_mbezi:
Asanteni sana aisee. Je akikubali kupeleka ramani lakini anataka tusaini mkataba sasa hivi?

bi_mthamini:
Saini kama mkataba umeandika wazi kwamba hela inatoka baada ya ramani kupitishwa na mkopo kukubaliwa, na isipopita kila mtu anaenda zake bila deni. Mpe wakili wako asome. Na mwenza wa muuzaji asaini ridhaa ya mauzo, na wewe kama umeoa na mtaishi hapo mkeo asaini ya rehani, Sheria ya Ardhi ya 1999 kifungu cha 114, bila hiyo rehani haisimami.