Naomba ushauri: picha za ndege msituni Rungwe, kamera inashika matawi badala ya ndege

Mwana wa Tukuyu
Habari za jioni wakuu. Niko Tukuyu, napenda sana ndege, na nina kamera ya kawaida yenye lenzi ya kuvuta ya milimita 70-300. Ndege ninayemtaka kuliko wote ni shorobo. Akitulia ni kijani kitupu, akiruka tu mabawa yanafunguka wekundu ambao sijauona kwa ndege mwingine huku kwetu.

Shida ni kwamba muda wote yuko ndani ya majani. Nikibonyeza, kijiti cha mbele kinatoka safi hadi kuvu zake unaziona, na shorobo nyuma yake ni doa la kijani. Nikibahatika kumpata yeye, kuna vijiti vinamkatiza kichwani na nyuma ni vurugu tupu. Jamaa mmoja ananishauri ninunue lenzi ya 600. Kabla sijaingia gharama hiyo, naomba mnisaidie: shida ni vifaa au namna ninavyopiga?

Fundi Picha Mbeya
Mkuu, tunza hela yako kwanza. Lenzi ya 600 itamsogeza ndege na vijiti vyake vyote.

Anza na fokasi, yaani pale kamera inapolenga ili patoke safi. Kamera ukiiachia eneo zima ijichagulie, mara nyingi inachukua kilicho karibu nayo, yaani tawi. Weka nukta moja, ndogo kuliko zote, uilenge kwenye jicho. Kamera za siku hizi zinatafuta jicho zenyewe, na likiwa wazi zinafanya kazi nzuri sana, ila jani likipita mbele tu zinahamia kwenye jani. Ikigoma, shika fokasi kwenye shina lililo umbali sawa na ndege kisha uhamie kwake, au zungusha pete ya lenzi kwa mkono.

Spidi ya kupiga iwe 1/500 ya sekunde akiwa ametulia. ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya 3200 usiiogope, msitu wa Rungwe una giza hata saa nne asubuhi. Picha yenye chengachenga inavumilika, iliyotikisika haina dawa. Na anga jeupe likiwa nyuma yake, ongeza mwanga hatua moja au zaidi, la sivyo shorobo wako anatoka mweusi tii.

Mlima Chai
Kamweneee! Naungana na Fundi, ila kwa maoni yangu fokasi ni nusu ndogo ya kazi. Nusu kubwa ni pale unaposimama.

Chukua lenzi yako ikiwa 300 kwa f/5.6 (namba ya upana wa tundu la lenzi), ndege yuko mita 8. Sehemu inayotoka safi, kutoka mbele hadi nyuma, haifiki shubiri moja. Kijiti kilicho ubavuni mwake kitaonekana tu, hakuna namna. Lakini vilivyo nyuma vinafutika kadiri vilivyo mbali naye. Majani yakiwa nusu mita nyuma yake ni vurugu. Yakiwa mita 50 ni rangi moja laini. Kwa hiyo kabla hujamtazama ndege, tazama kilicho nyuma yake. Hatua mbili kushoto, au kupiga goti, zinabadilisha picha nzima.

Sisi Mufindi tunasimama pembezoni mwa msitu, pale unapopakana na chai. Ndege akitua tawi la mwisho, nyuma yake ni chai tupu hadi ng'ambo. Na nyie Rungwe chai mnayo. Tena mna kitu kizuri zaidi: miteremko. Panda juu ya kilima mpaka uwe sawa na kilele cha mti ulioota bondeni. Hapo humpigi tena shorobo kwa chini ukiona tumbo na anga; unamwona uso kwa uso, na nyuma yake ni upande wa pili wa bonde.

Halafu usimfukuze. Tafuta mkuyu wenye matunda yanayoiva, kaa, nyamaza. Matunda yakiwepo atarudi. Utamsikia kwanza, ile sauti yake ya kukoroma, kisha utamwona anakimbia juu ya tawi. Tawi la wazi analopitia ndilo la kulenga mapema, kamera ikiwa tayari.

Mwana wa Tukuyu
Ndaga fijo wakuu! Hilo la mteremko sikuwahi kuliwaza, na mkuyu wa namna hiyo naujua.

Swali lingine. Kwenye mparachichi wa nyumbani ndege chozi amejenga kiota, kinaning'inia kama kijimfuko, mlango ubavuni na kijibaraza juu yake. Vijiti viwili vinaziba mlango. Nikivikata kuna ubaya? Nataka kumpata akilisha makinda.

Dada Isyesye
Mdogo wangu, naomba sana usivikate. Vijiti hivyo ndivyo paa na ukuta wa makinda. Ukiviondoa jua la mchana linawapiga, na kunguru anaona mlango mapema kuliko hata mama yao. Hata ukisimama karibu muda mrefu bila kukata chochote, mama anaogopa kuingia, na makinda wale wanahitaji kulishwa mara kwa mara. Kaa mbali nacho kabisa mpaka waruke. Nawapenda hawa ndege, na hakuna picha inayolingana na kiota kimoja.

Chozi mpige anapokula. Tukuyu nzima ni migomba! Ua la mgomba linaning'inia peke yake, halina vijiti, na chozi huja kunywa maji yake matamu. Chagua mgomba wa pembeni, wenye bonde nyuma, ukae kivulini asubuhi.

Fundi Picha Mbeya
Dada kamaliza. Naongeza mawili tu: usimwite ndege kwa sauti ya kurekodi, hasa msimu wa kuzaa, anaacha kazi zake akitafuta adui asiyekuwepo. Na ukiingia ndani ya hifadhi ya Mlima Rungwe, pitia kwanza TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) upate kibali.

Mwana wa Tukuyu
Nimeelewa dada, kiota sikigusi. Hapo kwenye mgomba, spidi niweke ngapi? Chozi hatulii.

Dada Isyesye
Akiwa ameng'ang'ania ua, 1/1000 inatosha. Akielea mbele yake panda hadi 1/2000, na upige mfululizo.