Mama wa kwenye "Girl" ni katili, au mimi ndiye sijui kusoma?

Mama_Kasuku:
Wapendwa, nimeirudia hadithi fupi "Girl" ya Jamaica Kincaid mara tatu tangu jana na bado imenikaa kooni. Kurasa hazifiki hata tatu. Ni sentensi moja ndefu, mama akimpa binti yake amri juu ya amri: nguo nyeupe zifuliwe Jumatatu, za rangi Jumanne, usichuchumae kucheza gololi kwani wewe si mvulana. Sawa, mama ni mama. Lakini kila baada ya hatua mbili anarudi pale pale: Jumapili tembea kama bibi wa heshima, si kama huyo malaya unayetaka sana kuwa. Jamani, mtoto amefanya nini? Hakuna mpenzi aliyetajwa, barua haijakamatwa, lakini kesi imeshahukumiwa! Binti mwenyewe anafungua mdomo mara mbili tu.

Nauliza: waandishi wanawake wa Karibi wote wanawachora mama hivi, askari mlangoni mwa mapenzi ya binti? Maana kama ni hivyo nitafute kitu kingine cha kusoma.

Nukta Mkato:
Dada, naona hasira ilikufanya uruke mistari. Rudi kule karibu na mwisho. Mama huyo huyo anamwonyesha binti dawa ya kutoa mimba kabla haijawa mtoto. Anamwonyesha namna ya kumpenda mwanamume, na ikishindikana ziko njia nyingine, na hizo nazo zikigoma basi asijilaumu sana kwa kuachana nayo. Hayo si maneno ya askari. Ni ya kungwi, tena kungwi aliyeungua.

Kincaid alizaliwa Antigua mwaka 1949, na hadithi hii ilitoka 1978, kisiwa kikiwa bado chini ya Mwingereza. Mimi namsoma mama yule kama mtu anayejua kwamba binti maskini akishaitwa jina baya, halifutiki. Kwa hiyo anamwita yeye kwanza, ndani ya nyumba, kabla ya watu wa nje. Sisemi ni sawa. Linauma vile vile.

Shangazi wa Vitabu:
Kama unataka mama wa aina nyingine, tafuta "Caroline's Wedding" ya Edwidge Danticat, imo kwenye mkusanyiko wake wa hadithi, *Krik? Krak!*, wa 1995. Wahaiti wa Brooklyn. Caroline amechumbiwa na Eric, mtu wa Bahama, na Mama hataki. Unadhani anagomba? Anapika supu ya mifupa. Kila usiku, tangu uchumba utangazwe, supu ya mifupa mezani, akiamini itamtenga binti na mchumba wake!

Kinachomuuma ni utaratibu. Alitaka Eric aje rasmi, baba yake aombe baraka, wamnyenyekee kidogo. Kijana hakufanya hayo, na harusi yenyewe ni ya kwa hakimu. Lakini asubuhi ya siku ile Caroline anapoishiwa nguvu, ni Mama anayemwogesha kwa majani. Pale nilifunga kitabu nikaenda kumpigia mama yangu simu. Hatukuzungumza lolote la maana.

Mama_Kasuku:
Nukta Mkato, nimerudi kwenye ile mistari. Nakubali, niliiruka, tena ile ya dawa niliisoma kama mapishi.

Ila mkate bado umenikwama. Mama anaamuru mkate ubonyezwe kwanza kuona kama ni mpya, na binti anauliza, je, mwokaji akinikataza kuubonyeza? Swali la kitoto kabisa. Mama anajibu kwa kushangaa: ina maana baada ya yote haya utakuwa mwanamke ambaye mwokaji hamruhusu kuusogelea mkate? Basi, hadithi imeisha hapo, na mtoto hapewi nafasi ya kujibu. Kungwi aliyeungua, sawa, lakini angengoja jibu.

Shangazi, hiyo ya Danticat naitafuta wiki hii. Supu kila usiku? Mimi ningeolewa mapema zaidi.