Leseni ninayo, supavaiza nimchague yupi?

Binti_Kayole
Hamjambo wenzangu. Leseni yangu ya ushauri nasaha imetoka juzi, sasa natafuta supavaiza, yaani mshauri mzoefu wa kumpelekea kesi zangu tuzijadili. Niko kituo kimoja cha afya huku Kayole, Nairobi. Wateja wangu wengi ni kina mama wa vibanda na vijana wa mtaani. Nina watu wawili. Wa kwanza ni bosi wangu wa kituoni, mshauri wa miaka mingi, na hataki hata shilingi. Wa pili alinifundisha chuoni, ana ofisi Westlands na anataka 3,500 kwa saa. Mshahara wa kituo mnaujua. Bosi ni mtu mzuri, ila ndiye anayenijazia fomu ya tathmini kila mwisho wa mwaka. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Mzee_wa_Ngara
Hongera, binti. Bosi mwache abaki bosi. Simsemi vibaya, simjui. Lakini siku utakayotoka chumbani umemkasirikia mteja, au umegundua unamngojea kwa hamu kuliko inavyofaa, utamwambia nani? Anayejaza fomu yako? Utampelekea kesi zilizokwenda vizuri tu, na saa itaisha mkisifiana.

Wa Westlands naye usimkubali kabla hujamwona akifanya kazi. Omba kikao kimoja, mpelekee kesi halisi, jina na mtaa umeviondoa. Supavaiza wa kwanza niliyemwendea, hata sijamaliza kueleza ashashika kalamu ananiandikia la kumwambia mteja. Wa pili alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Alipoanza kulia ulifanya nini?" Nikasema nilimsogezea tishu. "Aliiomba?" Hakuiomba. Tulikaa kwenye hiyo tishu karibu nusu ya kikao: ni nani hasa alitaka kilio kiishe? Huyo ndiye niliyemchukua.

Hakikisha pia amesajiliwa na Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, ile iliyoundwa na sheria ya 2014. Muulize kama anapokea simu usiku mteja akikwambia anataka kujiua. Na aliyekwisha kujaribu, angekushauri umshughulikie vipi? Akianza na habari za polisi, amepitwa: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Wa_Umoja
Mzee, yote sawa, lakini 3,500 si pesa ya mchezo. Sisi tuko wanne, tunachanga, tunakutana na supavaiza mmoja mara mbili kwa mwezi. Ubaya wa kundi ni kwamba mwenye maneno mengi hula saa yote. Wetu huweka simu mezani anahesabu dakika, na hana huruma.

Dada, chunguza pia kama ni mtu wa mahubiri. Nilikuwa na mmoja, kila kesi ya ndoa aliifunga kwa maombi. Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa, sina neno na sala. Ila mteja wangu alikuwa anapigwa, na aliyenikumbusha nambari ya bure ya 1195, ya wanaodhulumiwa kijinsia, ni mwenzangu wa kazi, si supavaiza niliyekuwa namlipa.

Binti_Kayole
Asanteni sana. Sasa bosi nitamwambiaje asione nimemdharau?

Mzee_wa_Ngara
Mwambie unataka aendelee kukuongoza kazini: ratiba, wateja wangapi kwa siku, nani apewe rufaa. Yanayokusumbua wewe ukiwa na mteja utayapeleka nje. Mshauri wa miaka mingi atakuelewa, na ukiweza mwombe kituo kichangie ada, vingine hukubali. Na huyo mwingine muandikiane mkataba: mtakutana mara ngapi, ada, nani anatunza maandishi, siri inavunjwa lini. Kesi ya mtoto anayedhulumiwa haingoji kikao. Hiyo unapiga 116, simu ya kusaidia watoto, siku hiyo hiyo.

Binti_Kayole
Nimempigia wa Westlands, amekubali kikao cha majaribio Jumamosi. Wa_Umoja, kundi lenu lina nafasi ya mtu wa tano?

Wa_Umoja
Ipo, lakini njoo na kesi, si daftari tupu.