Kuchagua ubingwa: upasuaji, mionzi au kingine?

Intani wa Shangani
Shikamooni wakubwa. Nimebakiza miezi miwili kumaliza intani hapa Mtwara, nataka kuomba MMed, shahada ya uzamili ya udaktari bingwa. Moyo uko kwenye upasuaji, ila wenzangu wanasema niende mionzi maana haina zamu nzito. Mnapimaje kabla ya kujifunga miaka mitatu?

Mzee wa Tiata
Marahaba, dokta. Usipime kwa kesi moja iliyokusisimua, pima kwa kazi inayojirudia. Upasuaji wa huku kusini ni ngiri, mabusha, utumbo uliojisokota, mifupa ya ajali za bodaboda na vidonda vya kusafisha kila baada ya siku mbili. Busha peke yake linatosha kukupima. Vimishipa vya ukingo wa mfuko visipofungwa kimoja kimoja, damu inavujia ndani, na usiku huohuo korodani imevimba kuliko ilivyokuja. Je, busha la kumi utalifunga kwa subira uliyokuwa nayo kwenye la kwanza? Ukiona unaharakisha, jiulize upya.

Kwa wiki nne andika kila jioni: kazi gani imekuchosha mwili tu, na ipi imekuchosha roho. Ya pili ndiyo ya kuikimbia.

Na mionzi usiifuate kwa ajili ya usingizi wako. Majeruhi wa kichwa akifika saa nane usiku, picha yake haingoji asubuhi.

Dada wa Usingizi
Mbona hamuitaji ganzi na usingizi? Mabingwa wake ni wachache mno, na pasipo wao mpasuaji hafanyi kitu. Chukua upasuaji wa uzazi: unachoma mililita 2 hadi 2.5 za dawa ya ganzi, bupivakaini nzito ya asilimia 0.5, kwenye uti wa mgongo. Dakika chache tu mishipa inapanuka, presha inaporomoka, na mji wa mimba unakandamiza mshipa unaorudisha damu moyoni. Mama akisema anasikia kichefuchefu, hilo ni onyo. Ulipaswa uwe umeshamwinamisha kushoto, na dawa ya kupandisha presha iko kwenye sirinji. Ukichelewa, mtoto anakosa hewa. Kazi hii inamfaa mtu makini dakika kwa dakika, tena asiyesononeka ndugu wa mgonjwa wakimshukuru mpasuaji peke yake.

Intani wa Shangani
Asanteni sana. Na njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ikoje?

Mzee wa Tiata
Unajifunza ukiwa kazini: miaka miwili ya uanachama, kisha mitatu ya ubingwa. Lazima hospitali yako iwe imeidhinishwa kufundisha, kwa hiyo ulizia hilo kwanza, ndipo ufikirie ada. Halafu omba ruhusa umfuate bingwa wiki nzima: kliniki, raundi, tiata, na zamu ya usiku wa Jumamosi usiiruke.