CUF: mrengo wa kati kweli au ndoa ya mkeka?

MletaHoja: Wakuu, watu wanaongelea chama cha CUF kama kilianza na Maalim Seif, yule kigogo wa upinzani wa Zanzibar. Kilizaliwa Mei 1992 kwa kuunganisha KAMAHURU, kamati ya mageuzi ya kina Shaaban Mloo kule Zanzibar, na Chama cha Wananchi cha James Mapalala huku bara. Sheria ya vyama ya mwaka ule ilitaka wanachama 200 kila mkoa, mikoa 10, na Unguja na Pemba zote ziwemo, bila hivyo hakuna usajili. Wakajiita waliberali, wakaingia Liberal International, umoja wa vyama vya kiliberali duniani. Je hiyo itikadi ilikuwepo kweli au walioana kwa sababu ya sheria?

Vocha_ya_Buku: Itikadi gani mkuu 😂 Utajirisho? Muulize mwanachama yeyote wa Tandale Utajirisho ni nini, akijibu nakutumia vocha. Watu walipenda ile salamu ya HAAAKI na Profesa Lipumba mwenyekiti, basi

MwanaWete: Ndoa ya mkeka?? Sie tumezika watu Januari 2001 polisi walipopiga risasi maandamano yetu, nyie mko Buguruni makao makuu Dar mwapiga soga na kahawa. Chama kilibebwa na Pemba, bara mlikuja kuhesabiwa tu ile mikoa 10 itimie

Korosho_Boy: Nilikuwa napita tu ila hapo kwenye "kuhesabiwa" umenichoma. Barwani kachukua Lindi Mjini 2010, albino wa kwanza kuchaguliwa bungeni nchi hii, alipigiwa kura na Wapemba? Lwakatare Bukoba 2000 je? Lipumba mwaka huo huo kapata asilimia 16 na ushee ya kura za urais, Pemba nzima ina wapiga kura wangapi jamani

MwanaWete: Huyo huyo Lipumba alojiuzulu Agosti 2015 uchaguzi u mlangoni, mwaka wa pili akarudi kukalia kiti kama alitoka kwenda chooni? Na Msajili wa vyama akamtambua

MletaHoja: Tusitoke kwenye mada wakuu. Hoja ya mrengo wa kati, mimi naiona kwenye maridhiano ya 2010, Seif kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais Zanzibar ndani ya serikali moja na CCM

Vocha_ya_Buku: Seif mwenyewe si zao la CCM, walimfukuza 90 huko ndo akaanzisha chama

Mzee_Kipara: 1988 kijana, halafu wakamweka ndani. Na mwenyekiti wa kwanza alikuwa Mapalala, akaenguliwa hata uchaguzi wa 1995 haujafika akaenda kuanzisha chama chake, CHAUSTA. Kwa hiyo huyo Lipumba wa bara mnayemtukana leo si wa kwanza kuoneshwa mlango

Korosho_Boy: Asante mzee. Sasa MwanaWete tueleze, Machi 2019 mahakama ilipoamua uenyekiti ni wa Lipumba mkaimba shusha tanga pandisha tanga, mkahamia chama cha ACT na Seif, siku hiyo hiyo ofisi zikapakwa rangi za ACT. Hizo ofisi zilikuwa za nani? Tawi letu tulichangishana hela za korosho, tukaamka limekuwa zambarau!!

MletaHoja: Kuna mwenye ilani ya 1995 hapa?

MwanaWete: Zambarau inakukera nini, jengo si limesimama pale pale? Ndoo za rangi tulinunua wenyewe, hatukumuomba Profesa wala korosho zako. Ukitaka risiti njoo Wete