Gari la wagonjwa: mafuta analipa nani?

Mkazi_Sakina: Wakuu habari za jioni. Jirani yetu kagongwa na bodaboda hapa Sakina, Arusha, mguu umevunjika mfupa unaonekana, tukapiga simu kituo kimoja cha afya tukajibiwa gari lipo ila halina mafuta, mkichangia linakuja. Damu inamwagika tunaambiwa tuchange! Tukaufunga mguu kwa chaga ya kitanda na khanga, tukamlaza kwenye Noah ya jirani mpaka hospitali ya Mount Meru. Sasa naomba kueleweshwa, mbona mjamzito akipiga 115 anapata usafiri bure na huyu anaachwa?

NesiMstaafu: Pole sana, na mlifanya vizuri kuufunga mguu kabla ya kumbeba. 115 ni ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, ni kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga, na ina fungu lake la serikali na wafadhili, Vodafone Foundation wamo. Ukipiga anapokea mtu wa kituo cha mkoa, anakuuliza hali ya mgonjwa, akiona ambulensi iko mbali anampigia dereva wa kawaida wa mtaani aliyesajiliwa, huyo akishamfikisha mama hospitali wakathibitisha anarushiwa hela yake kwenye simu. Majeruhi wa ajali hana mpango kama huo.

Mchaga_wa_Himo: Huku Moshi ni hivyo hivyo. Mafuta ya gari la kituo mara nyingi yanategemea makusanyo ya kituo chenyewe, hela za matibabu na bima, mwezi ukiwa mbaya gari linalala. Halafu magari mengi kazi yake ni rufaa, toka kituo cha afya kwenda hospitali kubwa kama Mawenzi au KCMC, kufuata majeruhi barabarani ni bahati tu.

NesiMstaafu: Na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, msiisahau, ila mgonjwa wa dharura anatakiwa ahudumiwe kwanza, fomu ifuate. Mkizungushwa ombeni kuonana na daktari wa zamu.

Mkazi_Sakina: Asante dada. Basi mimi naona dawa tunayo tayari, madereva wapo, simu ipo, malipo yanafanyika, kwa nini majeruhi wa ajali wasiingizwe humo humo? Kila chombo cha moto kinalazimika kuwa na bima, hata bodaboda, ikatwe kidogo humo iende kwenye mafuta.

Mchaga_wa_Himo: Hoja nzito hiyo mkuu. Mpelekeeni diwani wenu kwa maandishi aibebe baraza la madiwani, na jirani anaendeleaje?

Mkazi_Sakina: Kafanyiwa operesheni, bado kalazwa. Barua tunaandika kesho na mwenyekiti wa mtaa.