Ushauri: Natembeza wageni Iringa mjini kwa miguu na kuwalisha, ila hadithi ya Mkwawa imeua hamu ya chakula

Binti_wa_Kihesa

Kamwene wakuu. Naomba mawazo yenu, hasa mnaoishi Iringa na mliowahi kupika chakula cha kuuza.

Nina miaka mitatu naongoza watalii Ruaha chini ya kampuni ya watu. Mvua zikianza kazi inapungua, nakaa nyumbani. Sasa nimeanza cha kwangu: matembezi ya miguu katikati ya mji, saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, wageni wasiozidi sita. Tunaanzia Boma, jengo la makumbusho, tunapita mitaa ya Uhindini kutazama nyumba za zamani na Jamatkhana ya Waismailia yenye saa, tunaingia Soko Kuu, tunakula, halafu tunamalizia juu kwenye jiwe la Gangilonga. Chakula ni cha kwetu kabisa, kwa mama ntilie mmoja jirani na soko ambaye nimekula kwake tangu niko sekondari.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na wageni wanne: mume na mke kutoka Ujerumani, watu wazima, na dada wawili kutoka Dar. Tumekaa kwenye benchi, mama anapakua. Wali njegere, ugali wa dona, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Nikaona nisipoteze muda, nikaanza kusimulia habari za Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Nikafika pale alipojiua, wakamkata kichwa, kikapelekwa Ulaya. Yule mama wa Kijerumani akaweka kijiko chini. Mume wake akaacha kula. Wale dada nao wakanyamaza, wanaangalia meza. Sikujua nisimame au niendelee, nikaendelea.

Mama alipokuja kutoa vyombo alikuta sahani nne zimejaa, mafuta yameganda juu ya njegere. Akanivuta pembeni akaniuliza polepole, "Mwanangu, chumvi imezidi?"

Nilimwambia hapana, wageni wameshiba. Nikalipa, tukaondoka. Tangu siku hiyo sijapita kwake, naona aibu.

Ninachoomba kujua: niitoe hadithi ya kichwa, niwaachie watu wa makumbusho ya Kalenga? Au chakula ndicho kihame? Na malipo ya mama yakoje, maana mpaka sasa namlipa kwa sahani kama mteja mwingine yeyote. Wageni nawatoza elfu thelathini kila mmoja, chakula kikiwa ndani.

Dereva_Ipogolo

Toa hiyo habari dada. Watu wapo likizo, wamelipa hela yao wale, wapige picha, wafurahi. Anayetaka vita aende Kalenga, kilomita kumi na tano tu.

Mzee_wa_Mlandege

Dereva, hapana. Ukimtoa Mkwawa hapo unabaki na kitu gani cha kusimulia? Mabati na kuta.

Binti yangu, sikiliza. Mji wenyewe umezaliwa na hadithi hiyo. Iringa ni *lilinga*, ngome. Na ngome hiyo haikuwa hapa mjini, ilikuwa Kalenga. Wajerumani waliivunja tarehe 30 Oktoba 1894, wakaja kujenga kituo chao huku kilimani mwaka 1896, wakalihamisha na jina. Kwa hiyo mgeni akikuuliza "Iringa maana yake nini" umeshaingia kwenye habari ya Mkwawa, utake usitake.

Kosa lako ninavyoliona lipo sehemu mbili, na sahani ni la pili. La kwanza ni mahali ulipoanzia na ulipoishia. Anza na vita vya Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Zelewski, kamanda wa Wajerumani, anakuja na kikosi chake, bunduki na mizinga, Wahehe wamelala kwenye majani na mikuki. Zelewski mwenyewe aliuawa pale. Mgeni akijua hilo kwanza, ataelewa kwa nini walimwinda Mkwawa miaka yote ile mpaka Julai 1898, na kwa nini kichwa chake kilikuwa na thamani kwao. Ukianza na kichwa, Mhehe anaonekana maiti tu.

Halafu uliishia kichwani. Hadithi haiishii hapo! Mkataba wa Versailles wa 1919 una kifungu, namba 246, kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954. Gavana wa Kiingereza, Twining, ndiye aliyelikabidhi, na aliyelipokea ni mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Mwisho wa hadithi ni mjukuu amesimama mbele ya watu wake Kalenga. Wageni wako hukuwafikisha huko, uliwaacha njiani na sahani mbele yao.

Yote haya yasimulie Boma, mmesimama. Jengo lile Wajerumani walilijenga mwaka 1900 kuwa hospitali ya askari wao, Waingereza wakalifanya ofisi, na tangu 2016 ni makumbusho yetu. Kuta zenyewe zinakusaidia kusema.

Mama_Lishe_Mafinga

Mdogo wangu, mimi nimepika barabarani miaka kumi na moja. Naongea upande wa sufuria.

Kabla hujabadilisha njia wala saa, nenda kwa huyo mama ukamwambie ukweli. Leo, usingoje Jumamosi. Unajua mpishi akirudishiwa sahani nne zimejaa anafanya nini usiku? Anaonja mboga mara tatu. Anajiuliza karanga zilikuwa za zamani, au wali ulinusa moshi. Kesho yake anapunguza chumvi, wateja wake wa kila siku wanalalamika, na yeye hajui kosa liko wapi. Ulimwambia wameshiba. Wamekuja kula, watashibaje kabla ya kula? Hakukuamini, nakuhakikishia.

La pili, saa. Umesema mnamaliza saa saba, na kabla ya hapo mna kilima cha Gangilonga. Ina maana mnakaa kwake saa tano na nusu, saa sita. Hiyo ndiyo saa yake ya riziki. Watu wa soko, wa bajaji, mafundi, wote wanakuja ndani ya saa moja na nusu, wanakula dakika kumi wanaondoka. Wewe umekalia benchi zima na watu watano kwa dakika arobaini na tano kwa sababu una hadithi. Sahani tano umemlipa, lakini kumi na tano hazikupata pa kukaa. Hatakwambia, maana wewe ni mwanae.

Fika saa nne na robo. Saa hiyo asubuhi imeshatulia na mchana haujaanza. Njegere ziko jikoni, ugali bado. Mle kile kilichopo: chai ya maziwa yenye tangawizi, kitumbua, kiazi cha kuchemsha na kachumbari, wali kidogo kama umeiva. Robo sahani kila mtu. Mgeni wa kizungu akiwekewa mlima wa ugali anaogopa hata kabla hujamsimulia chochote.

Malipo: mlipe kiti. Mkubaliane bei moja ya kikundi, wakija watatu au sita ni ileile, na umpe nusu siku moja kabla ili aende sokoni na hela yako, si na mtaji wake. Hiyo nusu ya kabla ni kubwa kwetu kuliko unavyodhani.

Kijana_wa_Njombe

Mama Lishe umesema kweli kabisa. Mimi naongeza la ulanzi, pombe yetu ya mianzi, maana wageni huwa wanauliza. Ukiweka kwenye ratiba, weka miezi ya mvua tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, mianzi inapochipua. Wape *mtogwa*, ule mtamu uliotoka kugemwa, kikombe kidogo. Ukiwapa *mkangafu*, ule mkali uliochacha, halafu unawapandisha Gangilonga, utabeba mtu mgongoni. Na wakiweza kuona mbeta, chombo cha kukingia, imefungwa kwenye chipukizi, tone linadondoka, hiyo picha hawaisahau. Mwezi wa nane usimwahidi mtu ulanzi. Asiyekunywa pombe mpe togwa.

Dereva_Ipogolo

Mzee nimekuelewa, nafuta kauli. Sikujua habari ya Spika, na nimezaliwa hapahapa.

Lakini Gangilonga saa saba mchana jua linawaka, na jiwe linarudisha joto. Kwa nini usiitenge? Watu wanapanda jioni saa kumi na moja, wanaona mji wote chini mpaka jua linazama. Nenda nao kikundi kizima na mteremke kabla ya giza, asibaki mtu nyuma akipiga picha peke yake.

Binti_wa_Kihesa

Asanteni sana. Mama Lishe, nimesoma maneno yako mara mbili, nimeshindwa kulala. Naenda kesho asubuhi.

Mzee, swali moja shikamoo: yule mama wa Kijerumani alilia tulipofika barabarani. Akaniambia yeye hakufundishwa haya shuleni. Nimwambie nini mgeni wa namna hiyo?

Mzee_wa_Mlandege

Marahaba. Usimwambie kitu. Mpe muda. Ndiyo maana nasema usimulie Boma, ili baadaye kuna mwendo wa dakika kumi na tano kwenda sokoni, kila mtu na mawazo yake, wewe unatangulia mbele kimya. Na usimwombe radhi kwa hadithi ya kweli, wala usimbebeshe yeye kesi ya mwaka 1898. Akitaka kuzungumza atakuja mwenyewe ubavuni mwako.

Afisa_mstaafu

Dada, la leseni hujalitaja. Kuongoza watalii kwa malipo kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2008; leseni hiyo wengi tunaiita TALA. Ile ya kampuni uliyofanyia kazi haikufuniki ukiwa peke yako. Fika ofisi ya utalii ya mkoa uulize aina inayofaa matembezi ya mjini, na uanze kabla hujajitangaza, si baada ya kukamatwa. Boma nao wana kiingilio, kihesabu ndani ya elfu thelathini yako.

Mengine mawili madogo. Waambie wageni mapema wasipige picha majengo ya polisi na ya serikali, hata kama ni ya Wajerumani na yanapendeza. Na Jamatkhana ni nyumba ya ibada, mnaitazama mkiwa mtaani. Ukitaka kituo kingine cha kupumzika, Neema Crafts, mgahawa wenye karakana, ni watu waungwana, wanaohudumia wengi wao ni viziwi, mgeni anaagiza kwa ishara na maandishi. Pale ndipo mahali pa kumalizia na kahawa, na mgeni ataona kazi za mikono zinavyotengenezwa. Ila kikapu cha milulu wanunue sokoni kwa akina mama wenyewe.

Binti_wa_Kihesa

Nimerudi kuwaambia.

Nilienda saa moja asubuhi, mama anapepea jiko. Nilimsalimia nikamwambia yote, kwamba njegere hazikuwa na kosa, kosa lilikuwa mdomo wangu. Alinyamaza kidogo. Akasema siku ile jioni alimwaga sufuria nzima ya mboga na kununua karanga mpya asubuhi yake. Mama Lishe, ulijua.

Halafu akaniuliza, "Kwani uliwasimulia nini?" Nikaanza kumweleza kwa kifupi. Akanikatiza. Bibi yake mzaa baba alizaliwa karibu na Kalenga, na mama mwenyewe akiwa mdogo alisimuliwa jinsi watu walivyopanga mstari barabarani siku fuvu liliporudi, wengine wametembea usiku kucha. Miaka yote hii nimekula kwa mama huyu na sikuwahi kumuuliza ametokea wapi.

Nikamwomba aisimulie mwenyewe kwa wageni. Akasema anaogopa Kiingereza. Nikamwambia mimi nitatafsiri.

Jana tumejaribu na wageni watatu. Boma nimesimulia kuanzia Lugalo mpaka Adam Sapi, dakika ishirini na tano, hakuna aliyekaa. Tukatembea kimya. Saa nne na robo tumefika, mama akawa na beseni la njegere mbichi, akawasogezea bila kuongea. Wakaanza kumenya pamoja naye, na huku anamenya akasimulia habari za bibi yake. Chai ikaja. Kitumbua kikaja. Mmoja akaomba sahani ya pili ya viazi. Saa tano kamili tukanyanyuka, wateja wa mama ndiyo wanaanza kuingia.

Malipo tumekubaliana ya kikundi, nusu siku moja kabla. Leseni naenda kuifuatilia Jumatatu, na mpaka itoke sipokei mgeni wa kulipa. Hao watatu wa jana ni walimu wenzake dada yangu, walikuja bure. Gangilonga nimeihamishia jioni kwa anayetaka.

Mama ameniagiza nitafute benchi moja zaidi, fupi, la kuweka upande wa kivuli.